Kibanja Kilichogeuka Lori

Kaka yangu alitoa kibanja cha babu yetu, pamoja na makaburi yaliyomo, akapewa lori la Kimarekani. Ilikuwa asubuhi, hakuwa ameonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, na hakuna aliyemlazimisha. Nilikuwepo. Alishikana mikono na mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Bukoba, na jioni ya siku ile ile mke wake na watoto walilala Bugomora kwa wakwe zake, kwa kuwa nyumba haikuwa yao tena.

Mtu asiye wa huku huenda akadhani kibanja ni shamba tu. Kibanja ni migomba iliyozunguka nyumba, mibuni katikati ya migomba, na waliotutangulia wamelala chini ya hiyo migomba. Mrithi hukabidhiwa akitunze, naye amkabidhi anayefuata. Kaka alikuwa mrithi. Kibanja chetu kilikuwa Bweranyange, na mpaka mwaka ule hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kukitoa nje.

Ni lazima nieleze lori, maana bila kulijua utamwona kaka kama mwendawazimu, naye hakuwa.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Malori ya Kimarekani yalikuja Afrika kwa ajili ya jeshi, na jeshi lilipomaliza shughuli zake yakauzwa kwa yeyote aliyeweza kuyanunua. Lile la mfanyabiashara lilikuwa limepakwa rangi ya kijani juu ya rangi nyingine ya kijani. Mlangoni, ukilitazama jua likiwa upande, uliona alama ya nyota iliyofunikwa. Jina la kampuni lilichongwa kwa herufi kubwa mbele ya boneti, nasi hatukulitamka hata siku moja. Tuliliita Mmarekani, basi. Lilikuwa na magurudumu sita, na usukani ulikuwa upande wa kushoto, kwa sababu kwao hupita kulia.

Vilima vya kwetu ndivyo vilivyolipa sifa. Malori ya Kiingereza yalifika katikati ya mlima yakachemka, abiria wakashuka kusukuma, dereva akatafuta maji. Mmarekani alipanda akiwa na magunia ya kahawa na watu juu yake, huku akinguruma kwa sauti moja. Siku moja kaka alipanda lori hilo toka Kyaka mpaka Karagwe bila kushuka hata mara moja. Aliporudi aliniambia, "Mdogo wangu, nimekaa juu ya kitu kisichochoka." Migomba yetu ilikuwa inaliwa na funza mizizini, mikungu imekuwa midogo, na kaka alikuwa amechoka. Mfanyabiashara naye alikuwa amechoshwa na barabara. Alitaka kutulia, apande kahawa, mke wake aache kumsubiri. Kila mmoja alitamani uchovu wa mwenzake.

Mimi nilikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Kilutheri, na Kiingereza changu kidogo kilitosha kunifanya mlinzi wa kitabu cha lori. Kilikuwa na jalada lililolowa mafuta na michoro ya kila kiungo. Nilisoma, nikamtafsiria kaka, na kaka akamweleza fundi, mzee aliyejifunza magari jeshini huko Burma. Fundi alisikiliza kwa adabu kisha akafanya alivyojua.

Kulimiliki lori lile kulitufundisha mambo ambayo hakuna aliyetuambia siku ya kushikana mikono. Spana za Kiingereza, ambazo ndizo zilizouzwa madukani, hazikukamata nati za Kimarekani vizuri. Fundi alizichonga kwa tupa mpaka zikakubali. Dereva alikaa upande wa mtaro, hivyo hakuweza kuona linalokuja mbele alipotaka kulipita gari jingine, ilibidi mtu akae upande wa kulia na kupiga kelele, "Pita!" au "Subiri!" Kubwa zaidi, vipuri havikuwepo. Karani wa duka moja Bukoba alinieleza kwamba vitu vya Amerika hununuliwa kwa dola, na serikali ilikuwa inazibania dola. Ukiagiza, utaandikwa. Ukiandikwa, utasubiri.

Mwaka wa kwanza hatukusubiri chochote. Lori lilibeba kahawa ya watu wa Kimuli na Bugomora, likabeba maharusi, likabeba mabati ya kanisa. Wazee wa ukoo walinuna tangu siku ya kwanza, lakini walinuna wakiwa wamekaa mbele, kando ya dereva, wakipelekwa Bukoba bure.

Mwaka wa pili difu ilianza kulia. Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, lenye meno yanayozungusha magurudumu. Ilianza kama mbu sikioni. Baada ya wiki chache ilikuwa kama mtu anayesaga mtama juu ya jiwe, na wanawake waliokuwa mtoni walijua Mmarekani anakuja kabla hajaonekana. Kaka akaacha kupakia. Lori likaegeshwa Kimuli kwa fundi, na wazee, ambao sasa hawakuwa na pa kukaa mbele, wakakumbuka makaburi.

Kikao cha ukoo kilifanyika Bweranyange. Aliyezungumza kwa ukali kuliko wote ni shangazi yetu.

"Umempa mgeni baba yangu amlinde," alimwambia kaka. "Anamjua? Waliwahi kuonana?"

"Shangazi, nilitaka kuwainua."

"Umetuinua. Tumekaa juu ya magunia. Sasa tushushe."

Desturi yetu inasema kibanja cha ukoo kikitoka bila ridhaa ya ukoo, chaweza kurudishwa, lakini aliyekipokea sharti arudishiwe alichotoa. Wakamwita mfanyabiashara. Alikuwa Mkatoliki, mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Angeweza kukataa na kwenda mahakamani, hakukataa. Nadhani yeye pia alikuwa ameanza kukumbuka barabara. Alisimama akasema, "Nilitoa lori linalotembea. Nirudishiwe lori linalotembea. Lije hapa kwa miguu yake, lisije likivutwa na ng'ombe. Likifika kabla kahawa ya msimu huu haijaisha kuanikwa, nitapakia vyangu na kuondoka. Siku ya baraza inayofuata nitarudi kutamka mbele ya chifu kwamba nimeridhika. Lisipofika, basi msinisumbue tena."

Wazee wakakubali. Ilikuwa haki. Hilo ndilo lililotukaba: hatukuwa na mtu wa kumlaumu.

Fundi alifungua difu akatuonyesha. Meno matatu yalikuwa yamekatika vipande, mengine yamelika. Niliandika barua Bukoba, nikaandika Kampala. Bukoba hawakuwa nacho kipuri. Kampala walijibu kwamba wataagiza, na kwamba meli ina safari zake. Kila Jumapili baada ya ibada nilipita Bweranyange kutazama mikeka ya kahawa kwenye nyua za watu. Kila Jumapili kahawa nyekundu ilikuwa imepungua na nyeusi imeongezeka. Nilirudi Kimuli kumwambia kaka, naye hakuniuliza. Alinitazama usoni, akainama tena chini ya lori. Alikonda. Mke wake alituma ujumbe kutoka Bugomora kwamba watoto wanaitwa wageni na wenzao. Hakuujibu.

Fundi ndiye aliyesema kwanza. Alisema akitazama pembeni.

"Burma niliona jambo. Mtu akitaka kuuza gari lenye difu mbovu, hujaza vitu ndani. Unga wa mbao. Kelele hunyamaza siku mbili tatu."

"Kisha?" kaka akauliza.

"Kisha gari si lake tena."

Kaka akasema unga wa mbao hana, lakini ndizi anazo. Wakaanza kubishana, watu wazima wawili, ni ndizi ipi inafaa. Fundi alitaka za kuiva kwa kuwa zinateleza. Kaka akamcheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu kikao.

"Wewe ulikula wali wa jeshi mpaka ukasahau kwenu. Ndizi mbivu ni maji. Tia ndizi ya kupika, mbichi, iliyokomaa. Ina utomvu. Utomvu ukishika nguo, hautoki kwa sabuni yoyote. Utashindwa na chuma?"

"Haya, bwana ndizi."

Nami, mwalimu, niliyesoma kwenye kitabu aina ya mafuta yanayotakiwa humo na si kingine chochote, nilishika beseni. Tulimenya karibu mkungu mzima. Tulikata vipande vidogo, tukachanganya na mafuta mazito, tukajaza, tukafunga. Kaka aliwasha, akaenda mbele hatua mia moja na kurudi. Difu ilikuwa kimya kama siku ile ya Kyaka. Fundi akasema, "Usiende mbio. Usisimame mlimani." Tukaondoka asubuhi hiyo hiyo.

Ni ajabu kwamba wanaume watatu waliokulia kwenye migomba hawakufikiri lile ambalo mwanamke yeyote wa Karagwe angeliona mara moja. Difu ikifanya kazi hupata moto. Ndizi ikipata moto huiva. Tulipopanda mlima wa pili nilisikia harufu, nikadhani tumepita karibu na jiko la mtu. Kilima kilichofuata harufu ilikuwa bado nasi. Kaka alinusa, uso ukabadilika.

"Tunapika," alisema.

Utomvu ulikuwa umeisha, kilichobaki kilikuwa uji, na mbu alirudi sikioni. Tulisimama kando ya nyumba moja, kaka akashuka kuomba mkungu. Mama mwenye nyumba alitusikitikia.

"Mna njaa namna hiyo? Subirini niwapikie."

"Asante mama, tunakula njiani."

"Mbichi?"

Tulimimina uji, tukajaza upya tumelala mavumbini, mikono ikiungua. Tulifanya hivyo tena mara ya pili chini ya mteremko wa mwisho, tukafika Bweranyange mchana, difu kimya kabisa. Kwenye nyua mbili bado kahawa ilikuwa mikekani. Niliitazama, nikashindwa kufurahi.

Mfanyabiashara alitoka kwenye nyumba alimozaliwa kaka yangu. Tukasalimiana. Aliketi kwenye usukani, akaendesha mpaka kwenye uwanda wa majani, akazunguka, akarudi. Hakuzima injini. Alishuka, akazunguka nyuma ya lori, akasimama hapo kwa muda. Kisha akaniita mimi, si kaka.

"Mwalimu."

"Naam."

"Wewe husimama mbele ya watu kanisani. Lori hili ni zima?"

Kaka alikuwa upande wa pili wa boneti. Hakunitazama. Alikuwa ameshika ile herufi ya kwanza ya jina la kampuni kwa vidole viwili, kama mtu anayetaka kuing'oa. Shangazi alikuwa amekaa barazani, na nyuma yake migomba ya baba yake.

"Limetoka Kimuli mpaka hapa," nilisema. "Limekuja kwa miguu yake."

Mfanyabiashara alitikisa kichwa taratibu. "Ndivyo tulivyokubaliana," akasema. Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaenda kumwambia mke wake afunge mizigo.

Waliondoka na lori kesho yake kulipokucha, na vyungu, na vitanda, na kuku kwenye kikapu. Mke wake alitushukuru kwa ujirani. Kaka aliingia ndani ya nyumba akajilaza sakafuni, hakutoka mpaka jioni. Wanawe waliletwa kutoka Bugomora wiki hiyo hiyo.

Siku ya baraza mfanyabiashara hakuja. Chifu akasema tusubiri baraza lifuatalo, maana bila neno la aliyerudisha, karani hawezi kuandika kwamba kibanja kimerudi. Hakuja hata baraza lile. Nikakopa baiskeli nikaifuata barabara ya Kyaka.

Nilikuta lori kando ya barabara, kabla ya kuteremkia mtoni. Mizigo haikuwepo. Milango ilikuwa imefungwa vizuri, na mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu kama mtu makini anavyofanya. Kifuniko cha difu kilikuwa kimefunguliwa kwa utaratibu, nati zote zimepangwa kwa mstari. Kando yake, juu ya jani la mgomba, kulikuwa na zile ndizi zetu, zimekwanguliwa zote, mpaka kipande cha mwisho, zimekauka na mafuta.

Watu wa kivuko walisema familia ilivuka kwa miguu, na mwanaume hakuwa na hasira, aliwauliza tu bei ya kuvusha kuku. Niliandika barua mbili kwenda kwao. Sikupata jibu, wala barua hazikurudishwa.

Hakushtaki. Hakudai lori, hakudai kibanja, hakumtuma mtu. Kaka aliishi pale miaka iliyobaki ya maisha yake, na kila siku ya baraza alivaa kanzu, akaenda akaketi nyuma, akasubiri jina lake liitwe. Kitabu cha baraza nimekiona mwenyewe. Mahali pa kibanja kile pameandikwa kwamba shauri limeahirishwa hadi mhusika atakapofika.