Seva Iliyodhani Bado Iko Kazini

Shangazi, kama wanafunzi wa uuguzi walivyomwita, aliingia chuoni akiwa mfagiaji wa maktaba. Kila mara fundi wa kompyuta alipokuja, Shangazi alimwuliza maswali, leo moja, kesho mawili, mpaka fundi akamwambia, "Weka ufagio chini, dada, ukae hapa." Baada ya miaka minne akakabidhiwa ufunguo wa chumba cha seva.

Jumanne moja, saa mbili na nusu asubuhi, umeme ulikatika ghafla. Uliporudi, kompyuta thelathini ziliwaka lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Intaneti ya chuo ilikuwa hafifu. Iliyowaokoa siku zote ilikuwa seva moja, kompyuta ambayo kila ukurasa ulipitia humo na iliyotunza nakala za kurasa, ili mmoja akishaupakua ukurasa wenzake waupate papo hapo. Hiyo ndiyo iliyogoma, na saa nne kulikuwa na mtihani wa majaribio uliojaa picha za vidonda na mifupa.

Mkuu wa chuo alisimama mlangoni. "Tumwite fundi?"

"Yuko safarini, hapatikani. Nipe saa moja, mwalimu."

"Ikishindikana?"

"Utanirudishia ufagio."

Akaiwasha programu ya seva. Ikakataa, ikidai kwamba tayari inafanya kazi. Akatazama: wapi, hakuna kitu. Ndipo akacheka peke yake. Programu ile ikianza huandika namba yake kwenye faili dogo, kama alama kwamba iko kazini, na ikizimwa vizuri huifuta. Umeme haukuipa nafasi ya kufuta, kwa hiyo ilikuta namba yake yenyewe na kuamini kuwa iko kazini. Akalifuta faili.

Ikaanza. Baada ya pumzi tatu ikaanguka, ikazimika.

Alijisikia kama mwindaji aliyeona nyayo mbichi. Akasoma kumbukumbu za matukio ambazo seva hujiandikia, mstari kwa mstari, mpaka akaona: orodha ya nakala zilizohifadhiwa ilikuwa imekatika katikati ya neno. Kuitengeneza kungechukua siku nzima. Kufuta ghala lote la nakala kulimaanisha kupoteza nakala za miaka miwili, ila kurasa zenyewe zingeweza kupakuliwa upya. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Akafuta, akaandaa ghala tupu, akaiwasha tena.

Safari hii haikuanguka.

Akakimbilia maabara, akaufungua mtihani kwenye kompyuta ya kwanza. Picha zilijikokota moja moja, dakika sita nzima. Akaufungua kwenye ya pili, na kabla hajainua kidole picha zote zilikuwa zimejaa kiooni. Ya tatu vilevile. Akaendelea mbio, viti vikimgonga magoti, hadi ya thelathini.

"Mwalimu, waite watoto," alisema, akihema.

Saa nne kasorobo wanafunzi wakaingia. Yeye akatoka kibarazani, akampigia mama yake.

"Mama, nimeiamsha."

"Umemwamsha nani?"

"Seva."

"Ilikuwa inaumwa nini, mwanangu?"

Shangazi akaanza kueleza tangu mwanzo, kwa kasi hata maneno yakagongana.