Chumba ya Mwenye Mulima

Hapa Alunguli kuna watu wananiita muongo kwa sababu ya hii habari. Waniite. Mimi ninajua nilichoona, tena nilikiona mchana, jua iko juu, nimeamka vizuri. Wewe sikia kwanza, kisha utasema yako.

Baba yangu alikuwa na hoteli kule kwenye milima ya Pangi. Haikuwa kubwa, vyumba sita na varanda moja refu, lakini watu wa Kindu walikuwa wanapanda kule kutafuta baridi: maarusi, wachuuzi wa madini, hata wakubwa wa serikali. Mama alikuwa anapika, mimi natandika vitanda na kushika funguo.

Sasa, vyumba vilikuwa sita lakini tulipangisha tano tu. Ile ya mwisho ilikuwa ya mwenye mulima. Wazee wa pale ndio walimuambia Baba siku ananunua kiwanja: huu mulima uko na mwenyewe, umuachie pahali pa kulala. Baba alikuwa Muislamu wa swala tano, ukoo wetu ni wa Waungwana wa zamani, lakini juu ya chumba ile humuambii kitu. Kila Alhamisi nilibadilisha shuka za muntu ambaye hatujamuona hata siku moja. Unacheka? Mimi pia nilikuwa nacheka, lakini Baba asinione.

Vita ikafika. Watu wakakimbilia milimani na magodoro kichwani. Tukajaza vyumba tano, tukajaza varanda, tukajaza jikoni. Baba akashuka Kindu kutafuta chumvi na dawa. Akaniachia funguo na neno moja: chumba ya mwisho, usiguse.

Kesho yake magharibi, mvua inapiga, akafika mama mumoja na mutoto mugongoni. Mutoto alikuwa na homa, nilimugusa, alikuwa moto. Nikamuambia kumejaa. Yule mama akachungulia dirisha ya chumba ya mwisho, akaona kitanda kimetandikwa.

"Dada, hii haina muntu. Nipe usiku mumoja tu, juu ya mutoto."

"Iko na mwenyewe," nikasema.

"Atarudi lini?"

Nikaficha funguo mugongoni. Akakaza kitambaa juu ya mutoto, akashuka barabara na mvua ile ile. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaenda kulala nikijiona mutoto mwema aliyeshika neno la baba yake.

Kesho yake adhuhuri nilikuwa nafagia. Muzee mumoja akashuka kutoka juu, upande wa pori, pahali hakuna njia. Majani yote yalikuwa yanadondosha maji, lakini nguo zake zilikuwa kavu. Hakusalimia. Akaniuliza:

"Mugeni wangu ulimulaza wapi?"

Nikamuuliza mugeni gani. Akasema mama na mutoto, alikutana nao njiani, akawapa chumba yake moyoni, akawaelekeza kwangu tu, hakuwaambia mengine.

Nikamuambia ukweli wote. Hakukasirika, heri angenitukana. Akanyoosha mukono, na mimi nikamupa ufunguo, sijui kwa nini. Akafunga chumba mwenyewe, akarudi na ufunguo alikotoka. Nikatazama matope ya pale uwanjani: hakuna hata alama moja ya mguu. Mama yangu alikuwa amekaa karibu anachambua maharagi. Akaniuliza ninasema na nani peke yangu.

Nilikimbia barabara yote mpaka mutoni nikiwauliza watu. Hakuna aliyewaona.

Baba aliporudi nilimueleza. Nilifikiri atasema nilifanya vizuri. Akakaa chini, akashika kichwa, akasema, "Mwanangu, mwenye mulima hana mwili wa kulowa. Ungefungua tu. Mimi ningefungua." Ile maneno ingali inanichoma mpaka leo.

Chumba ile haijafunguka tena. Mafundi wawili walijaribu, misumeno ikavunjika. Wageni wakapungua, wakaisha, Baba naye akaenda kwa Mungu. Sasa watoto wangu wanataka tuanze hoteli upya, tuvunje ule ukuta. Wanasema ninawazuilia maisha juu ya hadithi za kizee. Ninakataa, na nitakataa mpaka nife.

Wewe unayenisikia, shika mila ya wazee wako, sikukatazi. Lakini muntu akilowa mbele yako, fungua kwanza, mila utaiomba musamaha kesho.

Na kama wewe ndio ule mutoto, maana kama uliishi leo uko muntu mukubwa, panda kule Pangi usukume ule mulango. Nafikiri kwako utafunguka. Kisha shuka hapa Alunguli, unitukane ukitaka, lakini uniambie kama mama yako alipata pa kulala.