Chumba cha Sakafu ya Mbao

Utani ule niliutoa mimi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Tumati watu husema baraza la wazee wa kanisa ndilo lililowatoa wanawake viziwi kwenye chumba chao. Baraza lilinyoosha mikono tu. Maneno yalikuwa yangu.

Walikuwa wanawake tisa. Kila Jumatano mchana, wakishakata majani ya ng'ombe, walikutana katika chumba cha shule ya Jumapili kusoma kitabu. Aliyewaanzisha ni mwanamke kiziwi aliyeolewa hapa kutoka Basotu. Yeye alipelekwa shule ya viziwi tangu mdogo, na baba yake ni mfugaji asiyejua kuandika hata jina lake. Mimi nilimaliza kidato cha nne. Binti yangu kiziwi sikumpeleka popote. Kaka zake watatu niliwasomesha, yeye nikampa fimbo na ndama. Amejua kusoma akiwa na miaka thelathini na tisa, kwa msaada wa mwanamke huyo, ndani ya chumba kile.

Nyumbani mimi na yeye tulikuwa na ishara zetu. Njoo. Nenda. Maji. Kuni. Fungua ng'ombe. Zote zilikuwa za kumtuma. Hata moja ya kumuuliza kitu haikuwapo, na kwa miaka yote hiyo sikuona kwamba imepungua.

Basi kwaya ikawa inajiandaa kwa mashindano, na mwalimu wao akataka chumba kile kwa ajili ya kinanda na spika. Kwenye kikao cha wazee, nami nikiwa mmoja wao, mwenyekiti wa baraza akauliza, "Na wale mabubu tuwapeleke wapi?"

"Wapeni ghala lililo jirani na mashine ya kusaga," nikasema. "Nani mwingine atavumilia kelele zile? Wao Mungu ameshawaziba masikio kwa kazi hiyo."

Wazee walicheka. Mwenyekiti alicheka mpaka akajifuta macho, akaniambia, "Mzee, wewe una akili." Nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi. Binti yangu nilimwonyesha ghala kwa kidole. Nenda. Ishara hiyo nilikuwa naijua.

Miezi minne baadaye nilipeleka mahindi kusaga mwenyewe. Mlango wa ghala ulikuwa wazi, nikachungulia.

Ghala halina dirisha. Wanawake tisa walikuwa wamejibana mlangoni palipokuwa na mwanga, bega kwa bega, wengine wamesimama. Vumbi la pumba lilikuwa limetanda kwenye kurasa. Wao husoma hivi: mmoja anasoma ukurasa kwa macho, kisha anaueleza kwa mikono, wenzake wanamtazama, wanabisha, wanauliza. Sasa wa nyuma hawakuona mikono. Halafu mashine ikawashwa, sakafu ikaanza kutetemeka, na wote tisa wakainua vichwa na kugeuka, kila mmoja akitafuta nani amemwita.

Sikuelewa. Binti yangu akaniona, akatoka nje na daftari lake, akaandika akiwa ameliegemeza ukutani.

"Shikamoo baba," aliandika kwanza.

Hilo neno sikuwahi kulipata kutoka kwake. Tangu utoto alikuwa akiinamisha kichwa tu, nami nikaona yatosha. Nikachukua kalamu, nikaandika marahaba.

Kisha akaandika haraka, kalamu ikitoboa karatasi. Kwamba kile chumba kina sakafu ya mbao. Kwamba mtu akitaka kusema, hupiga mguu chini mara mbili, wote wanahisi, wanamgeukia. Kwamba mashine inawapigia mguu mchana kutwa. "Mlidhani hatusumbuliwi. Mngetuuliza."

Nikaandika kwamba waje kusomea sebuleni kwangu. Kuna madirisha mawili, nitawapikia chai.

Alisoma, akanitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeingia kwenye maharage. Akaandika, "Sitaki sebule yako. Chumba ulikitoa wewe. Kirudishe wewe."

Nilikwenda barazani nikiwa na hasira, na sitasema ilikuwa ya haki yote. Nusu yake ilikuwa aibu. Niliwaeleza kuhusu mwanga na sakafu. Nikasema nilinena nisilolijua, na wao wakanyoosha mikono kwa jambo wasilolijua.

"Mzee, si ulikuwa utani?" akasema mwenyekiti.

"Utani wangu umewaweka gizani miezi minne."

"Wasubiri mashindano yaishe. Kwaya wanamwimbia Mungu. Hao wanasoma hadithi za nini?"

"Za mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake," nikasema. Kitabu nilikuwa nimekiazima kwa binti yangu, nikakisoma chote.

"Ndiyo maana wamekuwa wabishi," akasema mmoja, wakacheka. Kicheko kilekile. Safari hii nilikisikia kilivyo.

Waliponyoosha mikono, nilikuwa peke yangu. Nilikwenda kwa binti yangu nikamwandikia ukweli: nimeshindwa. Alirudisha daftari mfukoni, akaenda kukamua.

Jumatano iliyofuata niliwaona wakipandisha kilima kuelekea kanisani, wote tisa, binti yangu mbele na kitabu kifuani. Nikawafuata. Waliingia chumbani kwaya ikiwa katikati ya wimbo, wakavuta mabenchi, wakakaa duara karibu na madirisha. Binti yangu akapiga mguu sakafuni mara mbili. Nilihisi mpaka kwenye nyayo zangu pale mlangoni. Vichwa vinane vikamgeukia, akafungua kitabu.

Mwalimu wa kwaya akapaza sauti watoke. Akapaza tena. Hakuna aliyegeuka. Akaitwa mwenyekiti, akafika akihema, akasimama mbele yao akipunga mikono kama anafukuza kuku. Mwanamke wa Basotu akamtazama kwa adabu, akainamisha kichwa kumsalimia, akaigeukia tena mikono ya wenzake.

"Mzee," mwenyekiti akaniambia, "huyo ni binti yako. Waambie watoke."

Nilitazama ile mikono. Ilikuwa inakwenda upesi, mmoja anabisha, mwingine anacheka, binti yangu anamkatiza mwenzake kwa kiganja. Sikuambulia hata neno moja.

"Siwezi," nikamjibu. "Sijui lugha yao."

Alidhani ninamfanyia ukaidi. Nilikuwa namwambia ukweli, na huo ndio ukweli ninaouchukia kuliko yote maishani mwangu. Mwanakwaya mmoja alichomoa waya wa kinanda ili wakihamishe. Mimi nikavuta benchi, nikakaa nyuma ya duara, mahali ambapo ningeweza kuiona mikono ya binti yangu.