Vitabu Vitano Visivyo na Ukurasa wa Kwanza

Riwaya ya upelelezi ikiisha na muuaji akajulikana, kwa nini mtu aisome tena? Wanafunzi wangu huniuliza hivyo kila mwaka, nami huwajibu bila haraka, kwa sababu swali ni zuri. Mara ya kwanza unamfuata muuaji. Mara ya pili unamfuata mwandishi: unaona pale alipokugeuza kichwa utazame dirishani, na kumbe jambo lilikuwa mlangoni. Jaribuni, huwaambia, mtagundua mna akili kuliko mlivyodhani.

Mwandishi ninayemsoma hivyo ni Mfaransa wa zamani, aliyesahauliwa hata kwao. Vitabu vyake ni vidogo, vinaingia katika mfuko wa koti, na karatasi yake imekuwa rangi ya chai. Mpelelezi wake ni mwanamke mjane anayetengeneza saa. Nimekusanya vitabu vyake kumi na tisa. Vingine niliachiwa na mapadri waliokuwa wakihama, vingine vililetwa na wasafiri kutoka Kisangani, kimoja nilikibadilisha kwa kuku. Lakini vitano vina habari yao.

Aliyeniambukiza ugonjwa huu ni mwalimu wangu wa Kifaransa, nilipokuwa shule ya bweni huko Fataki. Jumamosi alitusomea sura moja, akafunga kitabu mahali pabaya kabisa, tukampigia kelele. Ndiye pia aliyetufundisha kulinda vitabu vyetu. Kila mwanafunzi alikuwa na namba yake ya bweni. Jina uliliandika ukurasa wa kwanza, kama watu wote, halafu ukaliandika tena kwa penseli, dogo sana, karibu na mshono, katika ukurasa wenye namba yako.

"Mwizi iko na haraka," alituambia. "Atapasua ukurasa ya kwanza. Ile ingine, hana wakati ya kuifungua."

Yeye mwenyewe alisoma bweni zamani, na namba yake, trente-six, yaani thelathini na sita, tuliijua sote.

Miaka kadhaa iliyopita vita vilifika Fataki, na watu wakakimbilia kwetu Bunia na walichoweza kubeba. Wiki hiyohiyo, sokoni, nilimkuta mtu ametandaza vitu juu ya bashi, lile turubai la plastiki ambalo wakimbizi hulifanya nyumba. Katikati yake niliona migongo mitano ya vitabu ninayoijua hata kwa mbali. Nilivifungua. Vyote vitano vilikuwa vimepasuliwa ukurasa wa kwanza.

Nilijua maana yake. Mtu mwingine wa Ituri mwenye vitabu vitano vya mwandishi huyo nilikuwa namjua mmoja tu. Nilivinunua, nikavifunga katika kitenge, nikaenda nyumbani bila kufungua ukurasa wa thelathini na sita.

Nilivisoma tena na tena. Nikifika ukurasa wa thelathini na tano nilishika karatasi mbili pamoja, nikazigeuza kama moja. Hadithi nilikuwa naijua kwa kichwa, sikukosa kitu. Hivyo ningeweza kusema, kama mtu angeniuliza, kwamba sijui ni vya nani. Hakuna aliyeniuliza.

Siku zilezile nilisikia kwamba mwalimu yuko Mbunya, mtaa wa hapahapa Bunia, kwa binti yake. Kwetu, mtu aliyekimbia unakwenda kumpa pole, unakaa naye, unamwacha aeleze. Mimi nilituma maharagwe. Nilituma mara nyingi, kupitia binti yake, miaka miwili.

Mwishowe alikuja mwenyewe.

"Weye mutoto!" alisema mlangoni, akicheka. "Maharagwe yako ninakula, uso yako sioni!"

"Ni kopi za wanafunzi, muzee. Zinanimaliza."

"Kopi! Mimi nilisahihisha kopi miaka makumi tatu, na nilipata nafasi ya kuoa."

Aliketi, akaona rafu. Alisimama tena, akapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu, polepole, mpaka kidole kikasimama.

"Hizi tano, ulizitosha wapi?"

"Kwa mjomba," nikasema. "Alikufa, akaniachia."

"Mujomba wa akili," alisema. "Niazime moja."

Baada ya wiki alikirudisha. Alikuwa amekifunika kwa karatasi ya mfuko wa simenti, kingo zimekunjwa sawasawa kama alivyotufundisha. "Aksanti, mama. Niazime ingine." Akachukua cha pili, akakirudisha. Akachukua cha tatu, akakirudisha. Kila mara alishukuru, na kila mara aliniita mama. Neno mutoto hakulisema tena.

Siku aliporudisha cha tatu, nilifungua ukurasa wa thelathini na sita. Jina lilikuwapo, kwa penseli, karibu na mshono. Nilifungua vyote vitano. Hakufuta kitu, hakuongeza kitu. Alikuwa amesoma jina lake, akafunika kitabu, akaniletea.

Kesho yake nilivibeba vyote mpaka Mbunya. Nilimkuta uani akimenya mihogo.

"Muzee, ni vyako," nikasema.

"Nilijua siku ya kwanza." Hakuacha kumenya. "Nilikuwa ninangojea unieleze. Weye unajuaka kueleza watu."

Nikaeleza: soko, bashi, karatasi mbili nilizokuwa nageuza pamoja, mjomba ambaye hakuwapo. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyejifunza somo lake usiku mmoja tu.

"Ulinunua lini?"

"Wiki ile mliyokimbia. Siku ya tano."

"Mimi nilifika hapa siku ya tatu." Aliweka kisu chini. Kutoka nyumba hiyo mpaka sokoni ni mwendo mfupi, hata kwa mzee. "Huyu mutu wa bashi, alikuwa na vitu gani ingine?"

Nilitaka kusema sikumbuki. Lakini mimi ni mtu wa kukumbuka vitu vidogo, na alijua, maana ndiye aliyenifundisha.

"Sufuria. Redio. Cherehani bila meza. Fremu ya picha."

"Ya mti, ao ya chuma?"

"Ya mti. Kona moja imevunjika."

"Mama alikuwa ndani," alisema.

Mke wake alifariki kabla ya vita. Sisi wa bweni tulimjua. Alitupikia siku za sikukuu. Picha yake ilikuwa hiyo moja. Ningekuja Mbunya siku ile, hata na shaka yangu tu, tungerudi sokoni pamoja, na yule mtu bado angekuwa ameketi pale. Sasa hakuna anayejua alikokwenda.

"Ulimuona mama kwa picha?" akauliza.

"Niliona kitambaa cha kichwa, cha buluu. Uso sikuutazama, muzee. Niliogopa mtu mwingine atachukua vitabu."

Vitabu vilikuwa kati yetu, juu ya kiti, na hakuvigusa.

"Buluu ya namna gani?" akasema.

Nikamweleza, polepole, kila nilichokumbuka cha kitambaa kile. Kilikuwa kidogo, nikakimaliza upesi.