Dobi wa Watamu aliyepanga foleni kliniki ya watoto

Saa moja na nusu asubuhi, mvuke umeshajaa chumba cha pasi. Kitsao Kalume anakunja shuka mara mbili, analipiga pasi, analigeuza na kulikunja tena. Pembe zote nne zinakutana. Wageni wa hoteli hii ya Watamu hawamjui kwa sura, ila mashuka wanayolalia yamepita mikononi mwake.

Akiwa kazini hajibu salamu. "Nikijibu, naunguza," anasema, macho yakiwa kwenye foronya.

Kwa miaka kumi na mitatu utaratibu huo wa kupiga pasi tu ulimfaa. Mwaka jana hoteli ikapunguza watu, ikaamua kila aliyebaki azunguke idara zote, ukumbi wa chakula ukiwemo. Kitsao, mwenye miaka 39, alihudumu mezani siku mbili. Siku ya pili, sahani zikigongana na wageni wakimwita huku na huku, aliweka trei sakafuni, akaingia stoo, akajifungia.

"Wengine walisema ana dharau, wengine eti kalewa," anasema msimamizi wake, Janet Thuku. "Nikamwambia, kaka, kama kuna sababu, niletee barua ya daktari kabla ya Desemba. Bila barua siwezi kukuacha kwenye pasi tu."

Bila pasi, Kitsao hana kazi. Shilingi 18,000 anazopata kwa mwezi zinamlisha yeye na mama yake aliyeko Vitengeni.

Neno usonji alilisikia kwa Nyaboke, mfuaji mwenzake, ambaye mwanawe ana hali hiyo. Si wazimu wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni namna tofauti ya ubongo kukua tangu utotoni.

"Nilimwambia, wewe Kitsao na kijana wangu ni matofali ya kalibu moja," Nyaboke anasema akicheka. "Akaniuliza, matofali gani?"

Kliniki ya kibinafsi Mombasa ilitaka shilingi 30,000 kumpima. Kitsao akaenda hospitali ya umma mjini Kilifi. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Aliketi kwenye benchi fupi katikati ya kina mama, magoti yakimfika kifuani.

"Mtoto yuko wapi?" karani aliuliza.

"Mtoto ni mimi."

"Baba, usinitanie, foleni ni ndefu."

"Sitanii. Foleni ina watu kumi na tisa, nimewahesabu."

Mwanasaikolojia, Dkt. Idah Cherop, alimpokea, lakini kwa sharti moja: lazima amsikie mtu aliyemlea. Dalili za usonji huanza mapema, na hakuna mtu mzima anayekumbuka alivyokuwa akiwa na miaka miwili.

Mama yake, Sidi Mwambire, alikataa katakata. "Mwanangu si mwendawazimu," alisema. Kitsao alipokuwa mdogo, majirani walidai ana pepo, na mama akamzungusha kwa waganga watatu. "Maneno yale yalishapoa. Nani anataka kuyachochea tena?"

Kitsao hakubembeleza. Jumapili iliyofuata alirudi na fomu ya daktari, akaketi jikoni na kumsomea mama swali moja baada ya jingine. Mtoto alianza kusema lini?

"Miaka minne!" mama akaropoka. "Kimya, kimya, tukadhani bubu. Siku moja ukasema, 'Kuku huyu si wetu.' Na kweli, hakuwa wetu!"

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Walipofika swali la kumi, aliuliza gari la Kilifi linaondoka saa ngapi.

Mbele ya daktari hakucheka. "Nilimchapa kwa sababu haamkii wazee. Nilidhani ni kiburi. Mara mbili tatu hivi."

"Mara kumi na moja," Kitsao alimsahihisha, bila hasira.

Mama alimgeukia. "Basi kumi na moja, mwanangu. Andika, daktari. Andika kumi na moja."

Barua ilitoka wiki ya tatu ya Novemba. Inathibitisha kuwa Kitsao ana usonji, na inapendekeza mambo matatu: abaki kwenye pasi, aarifiwe mapema zamu zikibadilika, na atengwe na kelele za mashine za kufulia.

Janet alitekeleza mawili siku hiyohiyo. La tatu linahitaji mlango, na kati ya chumba cha pasi na mashine kuna pazia tu. Hoteli imeahidi kuuweka msimu wa wageni ukiisha.

Kila Jumatatu, saa mbili kasorobo, Kitsao anapita ofisini kuuliza. "Kwa maneno yaleyale, sauti ileile," anasema Janet. "Mwisho nitaununua kwa pesa zangu nipumue."

Kitsao haoni cha kuchekesha. "Sitaki cheo. Nataka mlango," anasema, akivuta shuka jingine. "Ukiwekwa, nitapiga pasi hapa mpaka nistaafu. Imebaki miaka ishirini na mmoja."