Mstari Mmoja Niliopeleka Pipeline

Wajukuu wangu, na nyinyi vijana wengine mtakaosoma haya, ketini. Sikusoma sana, lakini hili nitaliandika mwenyewe. Binti yangu Mwende alikuwa na mimba ya kwanza. Daktari akamwambia mtoto amelala vibaya, atazaa kwa upasuaji. Nikasali, nikafumba macho, nikafungua Biblia na kuweka kidole, kama wengi wetu tufanyavyo. Kikaangukia pale Hawa anaambiwa atazaa kwa uchungu. Nikampigia simu: Mungu amekataa kisu.

Jumamosi asubuhi niliondoka nyumbani Komarock, Biblia kwapani, kwenda kuhakikisha amenitii.

Pipeline, mtaa wake wa magorofa yaliyobanana, jua halifiki chini. Nguo zilizoanikwa juu zilinidondokea maji mpaka mlangoni, kisha ngazi, napumzika kila ghorofa. Mwende alinifungulia, miguu imevimba. Akasema ameshakataa kulazwa. Nikamsifu. Ndiyo, nilimsifu.

Adhuhuri wanajumuiya wake wa kanisani wakaja kumwombea. Nikawasomea mstari wangu. Mama Njeri, mwenyekiti wao, akauliza kama nimesoma sura nzima. Nikamjibu kwamba neno la Mungu halihitaji nyongeza.

“Shosho,” akasema, akiniita bibi, “sura hiyo hiyo inasema ardhi itaota miiba. Kwako hung'oi magugu?”

Wanawake wakacheka. Akaeleza polepole kwamba hapo panasimuliwa machungu yaliyoletwa na dhambi, si amri ya kuyatunza. Kanisa haling'oi mstari mmoja likaondoka nao. Linausoma pamoja na Maandiko yote, na jinsi waamini walivyoyapokea tangu mitume, tena likimtazama Kristo, aliyeponya watu hata siku ya Sabato.

Ndipo Mwende akasema, bila kunitazama, “Mama, mimi nilikuwa nimeshawaaga watu, nikijua nitakufa.”

Jioni ile tulimfikisha hospitali. Mtoto akatolewa salama, msichana. Nilipopewa nimbebe, mikono ilikubali, lakini macho yalishindwa kumwangalia mama yake.

Jumatatu nilirudi Komarock peke yangu, nimeinamisha kichwa kama mwizi. Nilidhani namtetea Mungu, kumbe nilitaka kutiiwa mimi.

Nilipofika niliwaita wanangu na wajukuu wote wa nyumbani sebuleni, hata wenye simu mkononi. Nikawaambia: “Alhamisi jumuiya yetu itasomea Biblia hapa. Hakuna wa kutoka. Sura itasomwa yote, na kila mtu atasikiliza mwenzake. Na mkiniona nimeshika mstari mmoja kumtisha mtu, nipokonyeni kitabu.”