Siku Nilipomtumbukiza Ma Kokugonza Topeni

Mkiniona nakataa kugusa hata baiskeli ya mtu msidhani ni maringo, ni aibu tu, aibu niliyoipata Kishanda enzi za vijiji vya ujamaa, na hadi leo nikiisimulia masikio yanapata moto.

Nilikuwa Bibi Maendeleo, msichana kutoka Kashozi, na ofisi ilinipa skuta kuukuu iliyokwisha kuwachosha mabwana shamba kadhaa. Kijiji kilikuwa kinaletewa mashine ya kusaga, nami nilishikilia kwamba wasichana nao wafundishwe kuiendesha, hasa Justa, binti aliyenifuata kila nikifika akiuliza hiki kinafanya nini na kile kinafanya nini. Mwenyekiti, Ta Rwegoshora, alicheka tu: "Mwanamke na injini, jamani waitu?" Aliyekubali kututetea mkutanoni alikuwa Ma Kokugonza, mjane ambaye akisimama kusema hata wazee huweka chini vibuyu vyao vya olubisi, pombe yetu ya ndizi.

Sasa, siku mbili kabla ya mkutano gia zikaanza kukwama. Skuta zile gia ziko kwenye mpini wa kushoto, unabana klachi unazungusha, na waya mbili zinateremka hadi kwenye kikasha kidogo pembeni mwa injini ambacho ndicho kinachochagua gia. Fundi alikuwa Bukoba mjini, akasema nimpelekee. Mimi nikajiambia, mtu anayepigania wasichana washike mashine atapelekaje skuta kwa mwanaume? (Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo.) Nikafungua kikasha, nikakiosha kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi, nikakirudisha. Waya zile mbili zinafanana kama mapacha na sikuwa nimeziwekea alama, nikasitasita kidogo, nikachomeka tu. Nikawasha, nikaona tairi linazunguka, nikaridhika.

Siku ya mkutano nikampitia Ma Kokugonza. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, akaitazama skuta kwa mashaka.

"Mwanangu, hiki kitu ni kizima?"

"Panda, Ma. Nimekitengeneza kwa mikono yangu."

Akapanda, akanikumbatia kiunoni. Njia ni mteremko mtupu, kwa hiyo nilianzia gia ya pili, na ya pili ikakubali vizuri kabisa (waya zikipishana mpangilio wa gia hugeuka kinyume, ila ya pili, iliyo katikati, hubaki palepale, jambo nililolijua baadaye). Tukateremka kwa madaha, watu wametandaza majani uwanjani, wanawake wakatuona wakapiga vigelegele, nami nikanyoosha shingo kama bibi harusi.

Tulipokaribia nikazungusha kuweka gia bure, ile isiyovuta tairi, nikaachia klachi, nikaongeza moto kidogo injini isizimike. Kumbe bure yangu ilikuwa gia ya tatu! Skuta ikaruka. Nikazungusha kuelekea namba moja ili ipunguze, ndiyo kwanza ikaingia ya nne, watu wanakimbia, viti vinaanguka, Ta Rwegoshora kajirusha nyuma ya meza, na Ma Kokugonza mgongoni mwangu anapiga kelele kumwita mama yake kwa Kihaya, "Mawe! Mawe nyowe!" Nikakanyaga breki, tairi likateleza juu ya yale majani, tukaishia ndani ya shimo la udongo uliokandwa kwa ajili ya matofali ya nyumba ya hiyo hiyo mashine.

Halafu mtu mmoja akacheka, na wote wakafuata.

Ma Kokugonza aliinuka taratibu, kilemba kimezama, gauni limekuwa zito kwa tope, na wakwe zake walikuwa wamekaa safu ya mbele. Alipanda ule mteremko kwa miguu peke yake, akakataa mkono wangu. Mwenyekiti akajipangusa: "Tumeona wenyewe. Mashine wataendesha vijana wa kiume. Tuendelee." Nilimwona Justa pembeni ameinamisha kichwa, na yeye peke yake hakuwa amecheka.

Kesho yake nilikwenda kumpigia Ma Kokugonza magoti. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha.

"Kuanguka si kitu," akasema. "Ulipokuwa unaniambia nipande, ulikuwa na hakika?"

"Hapana, Ma."

"Basi ungesema. Ningekwenda kwa miguu, na ningefika."

Nililia tu pale jikoni kama mtoto.

Baadaye kijiji kilibadili msimamo, wasichana wakaitwa kujifunza (Ma Kokugonza ndiye aliyelirudisha suala lile mkutanoni, mimi sikuthubutu hata kufungua mdomo). Lakini Justa alikuwa ameshaozwa kwa mvuvi, amevushwa ziwa kwenda kisiwa cha Goziba, na huko hakukuwa na mashine ya kujifunzia. Tangu hapo nimeapa: nisilolijua nasema silijui, mbele ya mwanaume, mbele ya mkutano, mbele ya yeyote, hata wakicheka.